Tifasi ya Viroboto: Homa Inayojificha Nyuma ya Malaria

Katika kambi za jeshi na vituo vya polisi, homa imezoea kuitwa kwa jina moja tu. Askari akiamka alfajiri anatetemeka, kichwa kinamgonga na viungo vyote vimemlegea, wenzake humwambia papo hapo: hiyo ni malaria, nenda zahanati ukapewe dawa. Mara nyingi husema kweli, maana malaria ingali nasi. Lakini ziko homa nyingine zipitazo mlangoni zimevaa kanzu ya malaria, wala hapana mlinzi anayezipekua. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mojawapo. Kwa kawaida homa hiyo humwacha mtu akapona, lakini tiba yake ikikawia yaweza kumfikisha katika chumba cha wagonjwa mahututi, na humo akafa huku dawa ya kumponya, tena ya bei nafuu, imo kabatini hatua chache kutoka kitandani pake.

Homa hiyo ni tifasi ya viroboto. Twamwomba msomaji asiichanganye na taifodi, yaani homa ya matumbo, ingawa majina ya kigeni ya maradhi hayo mawili yafanana kama mapacha. Homa ya matumbo huingia kwa kinywa, katika maji na chakula kilichochafuliwa. Tifasi huletwa na wadudu wa mwilini, na dawa zake ni mbali na dawa za ile nyingine. Kosa la kuchanganya majina haya si kosa la sarufi tu. Limewahi kuwafanya watu watibiwe ugonjwa wasiokuwa nao.

Tifasi zenyewe ni za namna kadhaa. Iliyo maarufu kwa ubaya ni tifasi ya chawa, ugonjwa wa vita, magereza na makambi ya wakimbizi, uliowamaliza askari wengi wa Napoleon waliokwenda Urusi mwaka 1812. Charles Nicolle, tabibu Mfaransa aliyefanya kazi Tunis, ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 kwamba chawa wa nguo ndio wauenezao. Mwaka uliofuata Howard Ricketts, mtafiti Mmarekani, alikufa mjini Mexico kwa tifasi ile ile aliyokwenda kuichunguza. Ndiyo sababu vijidudu vya maradhi haya vyaitwa riketsia hadi leo. Wala isidhaniwe kuwa hayo ni mambo ya kale ya Wazungu. Majirani zetu wa Burundi walipatwa na tifasi ya chawa kwanza katika gereza la Ngozi, na ilipofika mwaka 1997 ugonjwa ulikuwa umewakumba makumi ya maelfu ya watu waliokimbia makwao na kujazana makambini katika baridi ya milimani.

Tifasi ya viroboto ni ndugu mdogo wa hiyo. Haivumi kwa kishindo, haiangushi jeshi zima kwa mara moja. Humchukua mmoja leo, mwingine baada ya mwezi, na kwa sababu hiyo ilichelewa sana kutambuliwa.

Wasomaji wetu wa idara ya upelelezi watapendezwa na jinsi siri ya kiroboto ilivyofichuliwa. Katika miaka ya 1920, katika majimbo ya kusini ya Marekani, waganga waliona wagonjwa wenye dalili za tifasi lakini hawana chawa hata mmoja, wala hawakuwaambukiza wake zao na watoto wao nyumbani. Tabibu wa serikali aitwaye Kenneth Maxcy alichukua ramani ya mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, akatia alama mahali alipolala kila mgonjwa. Alama zikatawanyika ovyo, hazikusema neno. Hapo akafanya jambo ambalo mpelelezi mzuri hulifanya ushahidi unapogoma: akabadilisha swali. Akatia alama upya, safari hii si mahali alipolala mgonjwa bali mahali alipofanya kazi. Mara alama zikakusanyika katikati ya mji, penye maduka ya vyakula, maghala ya nafaka na mikahawa. Je, ni nani anayekaa katika ghala la nafaka mchana na usiku, asiyelipa kodi? Panya. Katika taarifa yake ya mwaka 1926 Maxcy alieleza kuwa ugonjwa huu yaelekea wakaa katika panya na kuletwa kwa mtu na wadudu wa panya, nao viroboto aliwataja miongoni mwa washukiwa. Mwaka 1931 Rolla Dyer na wenzake wakavipata vijidudu hivyo ndani ya viroboto wa panya mjini Baltimore. Kesi ikafungwa.

Hila ya ugonjwa huu ni kwamba hauwaui wanaoubeba. Panya huishi nao bila taabu kubwa, na kiroboto akishaunyonya katika damu ya panya hukaa nao maisha yake yote. Vijidudu huongezeka tumboni mwake na kutoka katika kinyesi chake. Kiroboto amwumapo mtu huacha kinyesi hicho juu ya ngozi. Mtu hujikuna, na kwa ukucha wake mwenyewe huvisukuma vijidudu ndani ya mwili. Kinyesi kikikauka huwa vumbi, na vumbi hilo laweza kuingia machoni au kuvutwa kwa pumzi. Kwa hiyo mtunza ghala aliyefagia viota vya panya nyuma ya magunia aweza kuugua bila ya kukumbuka kuumwa na kiroboto yeyote. Tabibu akimwuliza, “Umeumwa na viroboto?” naye akajibu, “Hapana,” jibu hilo lisimwondoe tabibu njiani. Swali lililo bora ni hili: “Je, unapolala au unapofanyia kazi pana panya?”

Tangu kuambukizwa hata kuugua hupita siku 7 hadi 14. Halafu huja homa kali, maumivu makubwa ya kichwa, misuli kuuma, kichefuchefu na kutapika, na pengine kikohozi kikavu. Vitabu hutaja pia vipele, navyo ndivyo vilivyowapotosha wengi. Vipele huonekana kwa nusu tu ya wagonjwa, huja baada ya siku kadhaa za homa, huanzia kifuani na tumboni, na juu ya ngozi nyeusi ni vigumu kuviona. Anayevitafuta kwa taa ya chemli usiku hatavipata. Mgonjwa avuliwe shati mchana, penye mwanga wa jua, akaguliwe ubavuni na upande wa ndani wa mikono. Na visipoonekana, isisemwe kwamba basi si tifasi.

Sasa tuingie katika kiini cha habari yetu, yaani yule mgonjwa ambaye homa imemshinda.

Riketsia haielei katika damu kama vijidudu vingine. Huingia ndani ya chembe zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, ikazaliana humo na kuziharibu. Mishipa ikishaharibika huvuja kama kiriba kilichotoboka. Maji ya damu hupenya hadi mapafuni, na mgonjwa hupumua kwa shida. Figo hukosa damu ya kutosha, na mkojo hupungua. Ubongo huathirika, na mgonjwa huanza kuweweseka au kutowatambua watu wake. Ini hudhurika, macho yakageuka manjano. Shinikizo la damu huanguka. Chembe zinazogandisha damu hupungua, na moyo wenyewe waweza kudhoofika.

Tuchukue mfano, wala hatumkusudii mtu yeyote. Koplo wa miaka 50 na kitu, mwangalizi wa ghala la chakula, anapatwa na homa. Siku ya pili kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, lakini anapewa dawa ya malaria, kwa kuwa ndiyo desturi. Siku ya nne homa haijashuka. Inasemwa ni homa ya matumbo, anadungwa sindano za seftriaksoni. Siku ya saba anapumua kwa haraka, maneno yake hayana mpango, mkojo ni kidogo tena mweusi. Anapelekwa hospitali kubwa, na huko kila mtu anaanza upya. Hakuna aliyefanya uzembe katika habari hii. Kila mmoja alitibu kile kilicho cha kawaida. Lakini seftriaksoni, pamoja na penisilini na jamii yake yote, haina nguvu juu ya kijidudu kilichojificha ndani ya chembe za mwili. Kwa hiyo koplo wetu amekaa siku saba bila ya tiba, ingawa kila siku amepata dawa.

Kwamba desturi ya kuita kila homa malaria yadanganya, lina ushahidi wa karibu. Mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitalini kuanzia mwaka 2007 hadi 2008. Madaktari waliona kuwa 528 kati yao wana malaria. Vipimo makini vilipofanywa, wenye malaria walikuwa 14. Wengine walikuwa na maradhi mbalimbali, riketsia zikiwamo, ingawa pale nyingi zilikuwa za kupe na tifasi yenyewe ilikuwa chache. Na katika jimbo la Texas nchini Marekani, ambako tifasi ya viroboto haijatoka tangu zamani, wagonjwa 3,048 walihesabiwa kuanzia mwaka 1985 hadi 2015, wakafa 11. Waliokufa ni wachache, twakubali. Lakini zilipofunguliwa habari zao ilionekana kuwa umri wao wa kati ulikuwa miaka 62, kwamba karibu nusu yao walikuwa wamechanganyikiwa akili, na kwamba tangu kulazwa hata kuanza dawa ifaayo zilipita kwa kawaida siku 4. Siku nne hizo ndizo tunazozililia. Wala usidhani miji tajiri imeepukana na jambo hili: wilaya ya Los Angeles ilihesabu wagonjwa 31 mwaka 2010, na 171 mwaka 2022, na katika mwaka huo wa 2022 watatu walikufa.

Ni nini basi kingemshtua tabibu wa koplo wetu? Hapana alama moja itoshayo. Ziko alama nyingi ndogo ambazo zikikusanywa pamoja huwa ushahidi. Homa ya siku tano au zaidi isiyosikia dawa ya malaria wala sindano. Kichwa kuuma mno. Katika maabara, chembe za kugandisha damu ziko chini, vimeng'enya vya ini viko juu kiasi, sodiamu imeshuka, na chembe nyeupe za damu hazikupanda kama zipandavyo katika maradhi ya usaha. Na juu ya hayo, kazi yake: ghala, panya, magunia. Mwenye kuyaona haya yote kwa pamoja hana haja ya kungoja zaidi.

Twasema hana haja ya kungoja kwa sababu vipimo vya tifasi ni vya polepole. Kipimo cha kingamwili katika damu huhitaji damu ya mara mbili, ya mwanzo wa ugonjwa na ya majuma mawili au zaidi baadaye, ili ionekane kama kingamwili zimepanda mara nne. Jibu hilo lafaa kwa daftari la serikali. Kwa mgonjwa anayehema leo limechelewa. Kipimo cha kutafuta vijidudu vyenyewe katika damu kipo, lakini hakipatikani kila mahali, na hata kinapopatikana hukosea mara nyingi kwa kusema hapana. Damu ichukuliwe, ihifadhiwe, ipelekwe. Na dawa ianze saa ile ile.

Dawa ni doksisaiklini. Mtu mzima hupewa miligramu 100 mara mbili kwa siku, na aliye hoi tabibu aweza kumwanzishia miligramu 200. Kwa mahututi hupitishwa katika mshipa. Kama dawa ya mshipa haipo, vidonge husagwa na kupitishwa kwa mpira wa puani hadi tumboni, kwani hunyonywa vizuri na matumbo yanayofanya kazi. Huendelea hadi zipite siku 3 au zaidi baada ya homa kushuka, na kwa kawaida jumla huwa siku 7 hivi. Hofu ya zamani ya kuwanyima watoto dawa hii kwa sababu ya meno imepungua sana; kwa ugonjwa wa namna hii hupewa mtoto wa umri wowote. Kwa mjamzito shauri ni la daktari. Homa ikisikia dawa huanza kushuka katika siku mbili au tatu. Ikikataa kabisa baada ya muda huo, yapasa kutafuta ugonjwa mwingine.

Jambo moja halina budi kukazwa. Kwa mgonjwa mahututi doksisaiklini huongezwa juu ya dawa nyingine. Haichukui nafasi yake. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, atesuneti ya sindano ianze bila kukawia. Dawa za uti wa mgongo na za sumu katika damu ziendelee hadi daktari aridhike kuwa hazihitajiwi.

Ziko na dawa za kuogopwa. Dawa za salfa, kama kotrimoksazoli ambayo wengi huinunua dukani kama peremende, haziponyi tifasi, na imeonekana kuwa wagonjwa waliozipata huelekea kuzidiwa. Wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wengi katika sehemu zetu za malaria, huwa hatarini zaidi, maana chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi. Siprofloksasini imewahi kushindwa kwa wagonjwa kadhaa. Kloramfeniko ni mbadala tu pale doksisaiklini isipowezekana. Ama azithromaisini, ambayo siku hizi hupewa kila mwenye kikohozi, ilijaribiwa nchini Laos kwa wagonjwa 216 wa tifasi ya viroboto wasiokuwa mahututi, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: tiba ilishindwa kwa wagonjwa 22 hadi 23 katika kila 100 waliopewa azithromaisini kwa siku 3, lakini kwa waliopewa doksisaiklini kwa siku 7 ilishindwa kwa 1 au 2 tu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa wenye nguvu, tusimpe aliyezidiwa.

Neno juu ya dripu. Shinikizo la damu likianguka, mkono wa mwuguzi huelekea mara moja kwenye chupa ya maji. Lakini mishipa ya mgonjwa huyu yavuja, na maji yakimiminwa kwa wingi huishia mapafuni. Sehemu zetu zimekwisha jifunza hayo kwa gharama. Utafiti uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi katika saa 48 za kwanza kuliko wasiomiminiwa. Huko Lusaka, Zambia, watu wazima waliokuwa na sumu katika damu na shinikizo la chini, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI, walipewa maji mengi kwa mpango maalumu; walikufa 48 katika kila 100, ilhali waliotibiwa kwa kawaida walikufa 33. Utafiti huo haukuwa wa tifasi, lakini onyo lake lafika hapa. Maji yapewe kidogo kidogo, mapafu yasikilizwe kila baada ya chupa, mkojo upimwe, na mahali penye dawa za kupandisha shinikizo zianzwe mapema. Oksijeni mapema pia. Mashine ya kupumulia na ya kusafisha damu zikiwapo, zimshikilie mgonjwa hadi dawa ifanye kazi yake. Figo zilizogoma kwa ugonjwa huu mara nyingi hurudi.

Mgonjwa wa tifasi ya viroboto hahitaji kutengwa, kwa kuwa haambukizi mtu kwa mtu. Lakini katika West Nile, pande za Arua na Zombo, kiroboto wa panya ana kosa lingine kubwa zaidi katika daftari lake, nalo ni tauni. Panya wakianza kufa ovyo kambini, au mgonjwa akiwa na mtoki uliovimba na kuuma, au akikohoa damu, tauni idhaniwe kwanza: atengwe, wahudumu wafunike pua na vinywa, wakuu wapewe habari, na daktari aanze dawa za tauni bila kungoja.

Kuhusu panya wenyewe, twaonya dhidi ya bidii isiyo na mpango. Mara nyingi kamanda huamuru panya wauawe wote katika siku moja, sumu ikatandazwa, na kazi ikaonekana imekwisha. Lakini panya akifa mwili hupoa, na viroboto humkimbia wakatafuta damu ya moto iliyo karibu, nayo ni ya askari aliyelala. Utaratibu uwe kinyume: kwanza dawa ya viroboto itiwe katika mapito na matundu ya panya, halafu, viroboto wakishakufa, mitego na sumu zifuate. Mizoga isishikwe kwa mkono mtupu. Magunia yainuliwe juu ya vichanja, mbali kidogo na ukuta, na sakafu ya ghala inyunyiziwe maji yenye dawa kabla ya kufagiwa ili vumbi lisipae. Vyumba vya mahabusu navyo visisahauliwe, maana aliyefungiwa humo hana njia ya kumkimbia panya, wala askari anayemlinda usiku kucha.

Na msaidizi wa tabibu wa kambi, anapoandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, asiandike “homa kali” peke yake. Aandike homa ilianza siku gani. Dawa zipi zimekwisha tolewa na hazikusaidia. Na mgonjwa alala wapi na afanya kazi gani, kama ni ghala, jiko, lindo la bandari au chumba cha mahabusu. Mistari mitatu hiyo yatosha kumwonyesha daktari wa zamu, saa nane za usiku, sababu ya kufungua kabati.